Choo kinarudisha maji kila mvua ikinyesha, naombeni ushauri wa dawa ya kumwaga

Kijana wa Veranda (mleta mada): Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada maana usingizi sina. Mvua ikishika tu choo cha chini kinaanza vituko, ukiflashi maji yanapanda mpaka karibu na ukingo halafu yanashuka taratiiibu, na sinki la bafuni linagugumia lenyewe hata hujafungua koki. Kiangazi chote kilikuwa kizima kabisa. Swali langu ni moja tu, dawa gani ya kumwaga inayeyusha uchafu haraka? Nimesikia kuna unga wa bakteria, wengine wanasema asidi, wengine kostiki soda. Ipi kali zaidi? Naomba majibu leo leo kesho nina jambo.

Bibi Ufagio: Mwanangu asidi ndiyo mwisho wa matatizo, mimi nimeitumia miaka yote. Mimina usiku, asubuhi changanya na ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe uimwage juu yake, utanishukuru.

Mtu wa Chemba: Bibi shikamoo, ila hapo hapana. Asidi ikikutana na klorini inatoka gesi ya klorini, bafuni kadogo madirisha yamefungwa sababu ya mvua mtu anaweza kuanguka humo humo. Mleta mada usichanganye chochote na chochote tafadhali. Na kabla ya dawa nijibu: tatizo linakuja mvua ikinyesha TU au hata siku kavu mkifua nguo nyingi? Ukifunua chemba ya nje, kile kishimo chenye mfuniko ambako mabomba ya maji taka yanakutana, maji yamesimama au yanapita? Na gata za paa zinamwaga wapi?

Mama Pacha: Afadhali wewe la kwako linajulikana. Mimi kwangu ni kinyume, kiangazi ndiyo bafu la wageni linanuka hadi sebuleni, nikabadilisha mpaka bakuli la choo bure tu. Kumbe lile bafu halitumiki, joto likakausha maji yanayokaa kwenye kona ya bomba chini ya sinki na kwenye tundu la sakafuni, na yale maji ndiyo yanayozuia hewa ya shimoni isipande. Sasa hivi namwaga kikombe cha maji kila tundu kila wiki, nikisafiri natia na mafuta ya kula kidogo juu ili yasikauke upesi. Harufu imeisha. Jaribu kwanza hilo kaka.

Kijana wa Veranda: Asante dada ila mimi sina harufu nina maji. @Mtu wa Chemba ni mvua tu. Chemba nimefunua imejaa mpaka juu imesimama. Sasa kwa chemba iliyosimama hivyo ule unga wa bakteria utafanya kazi au utaoshwa?

Kaka Debe: Choo kimeamua kuongea kisikilizeni jamani 😂😂

Mtu wa Chemba: Umeruka swali moja mkuu. Gata zinamwaga wapi?

Kijana wa Veranda: Gata ni mpya, tumeweka kiangazi hiki hiki, ziko vizuri hazivuji.

Mtu wa Chemba: Sijauliza kama zinavuja.

Kijana wa Veranda: Sawa. Zimeingizwa kwenye chemba. Ila nisikilizeni kabla hamjanirukia, uwanja wangu ni mdogo, maji ya paa yalikuwa yanatuama mlangoni mbu wanazaliana watoto wanaumwa, na fundi aliyeziweka alisema maji ya mvua yatasaidia kusafisha mabomba. Na kweli mwanzoni yalikuwa yanapita safi. Kwa hiyo sidhani tatizo liko hapo, nadhani kuna uchafu umeganda mahali.

Mtu wa Chemba: Tupige hesabu pamoja. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa lako lina ukubwa gani na tangi la maji taka ni la lita ngapi?

Kijana wa Veranda: Paa kama mita za mraba 120. Tangi lita 3000, la plastiki, tulifukia wakati huo huo.

Mtu wa Chemba: Basi mvua ya milimita 40, na sehemu zetu hizi za joto hiyo inashuka usiku mmoja bila mtu kushangaa, inakuletea lita 4800. Tangi lako lote halifiki hapo. Maji taka yanatakiwa yatulie tangini angalau siku nzima, mashapo yakae chini, mafuta yaelee juu, yale ya katikati ndiyo yaende shimo la kunywea, lile ambalo maji yanazama udongoni. Wewe unayapiga kumbo na lita elfu kadhaa kwa mkupuo, mashapo yote yanasombwa kwenda shimo la kunywea yanaziba udongo, na udongo wenyewe mvua imeshaushibisha hauna pa kupeleka maji. Mwanzoni yalipita kwa sababu udongo ulikuwa mkavu. Asidi na kostiki ndiyo zinaua wale bakteria waliomo tangini wanaokufanyia kazi, na unga hata uwe mzuri vipi haunywi maji ya mvua. Toa gata kwenye chemba, LEO.

Mzee wa Uadilifu: Vijana wa siku hizi mnataka kila kitu kiende chini ya ardhi msikione. Maji ya mvua ni neema, unayachanganyaje na choo? Wekeni tangi la kuvunia, yatumieni kwa kufua na bustani. Mimi langu nimefunika kwa wavu mwembamba kote pamoja na mdomo wa bomba la kufurikia, maana mbu kwenye joto hili kutoka yai mpaka kuruka ni kama wiki moja tu.

Kijana wa Veranda: Mzee shikamoo, nimekuelewa. Ila kutoa gata leo haiwezekani maana kesho asubuhi gari la kunyonya linakuja na nimeshalipa. Wananyonya tangi lote mpaka chini, likiwa tupu si nitapumua angalau mvua hizi ziishe? Nilitaka tu kujua dawa ya kuweka likishakuwa tupu.

Mtu wa Chemba: Kumbe jambo la kesho ndiyo hilo, ungelisema mwanzo. Simamisha hilo gari mkuu. Tangi la plastiki lita 3000 likiwa tupu kwenye udongo uliolowa mpaka juu linasukumwa kwenda juu kwa nguvu inayokaribia tani 3, lenyewe ni jepesi. Linainuka toka ardhini kama mtumbwi usio na mtu, linang'oa mabomba ya kuingilia na kutokea, hapo utachimba upya kila kitu. Chini mlilifunga kwenye zege?

Kijana wa Veranda: Fundi aliweka mchanga.

Nyundo Nyeusi: Samahani mimi nina wasiwasi na huu uzi. Akaunti mpya, mtu ana maji chooni lakini kila comment anarudi kwenye "unga wa bakteria". Swali limejibiwa anauliza dawa. Subirini ataingia mwingine kusema unga fulani ulimsaidia na namba ya simu chini yake. Hata hilo gari la kunyonya limetokea ghafla alipobanwa. Hii ni hadithi imetungwa kuuza bidhaa.

Kaka Debe: Mkuu nyundo nami nimeanza kuona hivyo hivyo. Weka picha ya chemba basi tuamini.

Mama Pacha: Jamani usiku huu na mvua hii atoke akapige picha ya kinyesi? Na hata kama ni uongo, mimi sikujua habari ya tangi kuelea na ninalo la plastiki nyuma ya jiko.

Kijana wa Veranda: Nyundo sijui nikujibu vipi. Siuzi chochote. Nimetaja unga mara nyingi kwa sababu ndicho kitu pekee ninachoweza kukifanya mwenyewe usiku huu bila kumwambia mke wangu kwamba hela ya gata na tangi yote imeharibu badala ya kutengeneza. Yeye alisema toka mwanzo maji yaelekezwe barabarani. Mvua bado inanyesha, nasikia sinki linagugumia nikiandika hapa. Amini au usiamini ila @Mtu wa Chemba usiondoke, je wakinyonya nusu tu?

Mtu wa Chemba: Nipo. Nusu ni afadhali ila bado usiharakishe, maana ukinyonya bila kutoa gata mvua moja inalijaza tena. Fanya hivi. Kukipambazuka kata lile bomba la gata juu ya ardhi kabla halijaingia chemba, vesha kiwiko na kipande cha bomba, peleka maji mbali na msingi wa nyumba, angalau mita 3, yaelekee kunakoshuka ila si kwa jirani. Mdomo uliobaki wa kuingia chemba uzibe kwa kifuniko kabisa. Leo msifue, msiogee kwa wingi, kila lita mnayomwaga inapanda hapo hapo. Pigia watu wa gari waambie tangi ni la plastiki halijafungwa na udongo umejaa maji, anayejua kazi yake atakuelewa na kusogeza siku. Na asiingie mtu kwenye tangi wala shimo, hata dakika moja, hewa ya humo inaua, na wa pili kuanguka ni yule anayekwenda kuokoa. Wala msimulike kwa moto.

Kijana wa Veranda: Mvua ikikata asubuhi si wanaweza kuja mchana?

Mtu wa Chemba: Hapana. Udongo haukauki kwa sababu wingu limeondoka. Chimba kishimo chembamba pembeni, mita moja na nusu toka tangi, kina sawa na kitako chake, ukifunike kisiingie maji ya juu wala mtoto. Uwe unachungulia. Siku maji ya kishimo yakishuka chini ya kitako cha tangi ndiyo waite wanyonye, na baada ya hapo lijaze maji safi mara moja lisikae tupu.

Nyundo Nyeusi: Hayo ya kishimo nimeyaelewa, namwambia na baba mwenye nyumba wangu. Kama ni kweli mleta mada pole.

Bibi Ufagio: Mwanangu wa Chemba, sasa mimi yangu asidi niliyobakiza niipeleke wapi?

Mtu wa Chemba: Bibi iache kwenye chupa yake yenyewe, ifunge vizuri, weka juu watoto wasipofika, mbali kabisa na klorini. Na gata zako zinamwaga wapi?

Bibi Ufagio: Ngoja nikaangalie.