Boti ndogo ya kuvulia baharini kwa watu wanaokaa Moshi: tununue ipi, na ilale wapi?

Kibosho_Juu

Wakuu, habari za jioni. Tuko watatu, wote wakazi wa Moshi, tumekubaliana kuchanga tununue boti ndogo ya kuvua kwa mshipi baharini. Si biashara. Tunataka kushuka Tanga au Pangani Ijumaa, tuvue Jumamosi, turudi Jumapili na samaki wa nyumbani, mara mbili kwa mwezi.

Vyombo viwili viko mezani. Cha kwanza ni boti ya faiba ya futi 16 na mashine ya HP 40 ya kuchanganya oili. Boti iko Tanga, mashine iko Arusha kwa muuzaji, anasema ameshaipiga tyuni na inawaka kwa mvuto mmoja. Cha pili ni mashua ya mbao ya futi 20 yenye mashine ya HP 15, kwa nusu ya bei. Kwa macho yetu ya bara mashua inaonekana imara kuliko faiba. Tuchukue ipi, tukague nini, na je, tuivute kwa trela kila safari au tuiache pwani?

Tezi_na_Omo

Mashua iacheni, mkuu. Mbao si mbaya, ila inataka mtu wa kuishi nayo. Ubao ukikauka husinyaa, pamba ya kalafati (ya kuziba maungio) hulegea, na siku mnayoishusha majini ngama, yaani sakafu ya ndani ya chombo, inajaa maji kabla hamjafika kwenye kina. Kuipandisha Moshi ikakae juani wiki tatu ni kuiua. Mkiiacha ndani ya maji nako kuna funza wa baharini: hula ubao kwa ndani, na nje huoni ila vitundu kama vya sindano. Ndiyo maana wenye mashua huzipandisha ufukweni kila baada ya muda, wakazipitisha moto wa makuti kwa chini, wakapaka deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) chini na sifa (mafuta ya papa) juu. Kazi hiyo haifanyiki kwa simu kutoka Kibosho.

Sasa hiyo faiba. Nendeni na mpini wa bisibisi au nyundo ya plastiki, mgonge ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, pale mashine inapofungwa, mkianzia pembeni kuja katikati. Faiba nzima hulia kavu. Panapojibu kwa sauti nzito, kama unagonga gunia la unga, plaiwudi ya ndani imeoza. Kisha mashine ikiwa imefungwa, mmoja aushike mguu wake na kuusukuma juu na chini, mwingine aangalie ubao. Ukicheza, au mkiona nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya bolti, hesabuni gharama ya kukata na kujenga tezi upya au muachane nayo. Nguvu yote ya HP 40 inapita hapo. Ubao ukiachia nje ya mwamba, mashine inazama na bahari inaingia kwa nyuma.

Nyufa nyembamba kama nywele kwenye rangi ya juu ni za kawaida. Za kutia shaka ni zile zinazofuata mstari wa mataruma (mbavu za boti), au pale ubavu unapokutana na sitaha.

Halafu inueni omo (mbele ya boti), mfungue kizibo cha nyuma, msubiri. Maji yakiendelea kutiririka kwa dakika nyingi wakati boti ilikuwa nchi kavu, povu la chini ya sakafu limenyonya. Povu lililolowa halisaidii tena kuelea, na linabeba kilo nyingi ambazo muuzaji hatazitaja. Msikubali kukagua boti iliyo majini tu, na msikubali iliyopakwa rangi wiki iliyopita.

Fundi_Pasua

Mimi nizungumzie hilo la mashine iliyopigwa tyuni Arusha, kwa sababu hapo mnaweza kupoteza pistoni.

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kiwandani kwa usawa wa bahari ikifika huko inatoa petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana: plagi zinakuwa nyeusi, mashine inakohoa. Fundi aliyezoea magari anaibana petroli, kwa kubadili jeti (kile kitundu kinachopitisha petroli) au kugusa skrubu, mpaka iwake vizuri. Mkiishusha Tanga hivyo hivyo, hewa ni nzito na petroli haitoshi. Na kwenye mashine ya kuchanganya oili, petroli ikipungua oili nayo imepungua. Joto linapanda, pistoni inashika silinda, na inashika mkiwa mwendo wa kasi mbali na nchi kavu.

Kwa hiyo mwambieni muuzaji arudishe jeti za kiwanda. Namba huchorwa kwenye jeti yenyewe, mlinganishe na kitabu cha mashine, na skrubu irudi kwenye mizunguko iliyoandikwa. Acheni ikohoe kidogo ikiwa Arusha. Hiyo si kasoro.

Kabla ya kulipa, fungueni skrubu ya chini ya gia, oili idondoke kwenye kidole. Ikiwa nyeupe kama maziwa, sili zimekufa na maji yanaingia. Ikiwa na chembe za chuma, gia zinasagana. Pimeni kompresheni ya kila silinda. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, shusheni bei sana au ondokeni. Iwasheni ndani ya pipa la maji, maji yafunike kile kibamba kilicho juu ya propela, na mtazame ule mchirizi wa maji ya kupoza: utoke kwa nguvu bila kukatika. Msimruhusu mtu kuiwasha kavu “kidogo tu muisikie”. Impela ya pampu ni mpira, ikikosa maji inaungua upesi.

Ulizeni pia ilikuwa inafanya kazi wapi. Iliyotoka ziwani inaweza kuwa imefungwa anodi (vipande vya chuma vinavyoliwa na kutu badala ya mashine) za magnesiamu, na hizo baharini huisha haraka. Fungeni za zinki au aluminiamu. Anodi iliyopakwa rangi haifanyi kazi yoyote. Mwisho pimeni urefu wa mguu: mfupi ni inchi 15, mrefu ni inchi 20, na lazima uendane na kimo cha tezi. Kile kibamba kikae sawa na chini ya boti au sentimita 2 hadi 3 chini yake. Kikiwa juu zaidi, propela inavuta hewa kwenye kila wimbi.

Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama TC-W3. Ile ya msumeno wa miti ni ya mashine zinazopozwa kwa hewa, si hizi. Kama kitabu hakisemi vingine, kipimo ni mililita 400 kwa lita 20 za petroli, na mashine iliyofunguliwa upya ipewe mara mbili ya hiyo kwa saa 10 za kwanza.

Kibosho_Juu

Asanteni sana. Hilo la Arusha hakuna aliyetuambia. Je, tunaweza kuijaribu Bwawa la Nyumba ya Mungu kwanza, kwa kuwa ni karibu?

Fundi_Pasua

Ndiyo, na ni wazo zuri. Maji yake hayana chumvi, hayaidhuru mashine. Bwawa bado liko karibu mita 700 juu ya bahari, kwa hiyo msihukumu kasi ya juu kabisa. Angalieni uwakaji ikiwa ya moto, gia ya nyuma, usukani, na kama maji yanaingia mkiwa watu watatu na tangi limejaa. Zoezeni kushusha na kupandisha nanga. Vaeni jaketi okozi muda wote na msitie miguu majini, kuna mamba. Mishipi iacheni nyumbani, kuvua bwawani kuna utaratibu wake wa leseni.

Mwana_Pangani

Wenzangu wamesema chombo, mimi niseme maji, kwa sababu mtu wa bara hupanga safari kwa kalenda ya kazi na bahari haiijui Jumamosi.

Pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 3 na zaidi. Maana yake, mkitoka saa kumi na mbili asubuhi mnatoka vizuri, lakini mkitaka kurudi saa nne mtakuta tope na miamba mita mamia kutoka ufukweni, na boti ya kilo 400 haibebwi. Mtakaa nje mpaka saa nane au tisa, wakati upepo wa mchana umeshaanza kuvuma.

Siku za maji mafu, wiki moja baada ya bamvua, mambo yanageuka. Maji hujaa karibu saa nne asubuhi, tofauti ni ndogo, na mkondo ni mpole kiasi kwamba chubwi (risasi ya mshipi) nyepesi inafika chini na kukaa. Mnatoka saa kumi na mbili, mnavua, mnarudi saa tano na maji bado yapo. Kwa boti ya futi 16 na wageni watatu, chagueni wikiendi za maji mafu. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo mkijua ya leo mnaweza kuhesabu ya Jumamosi kabla ya kutoka Moshi.

Msimu nao una neno. Kusi, upepo wa kusini, ikishavuma kwa nguvu, hasa Juni mpaka Agosti, boti hii ibaki ndani ya miamba au isitoke kabisa. Kaskazi (upepo wa kaskazini) na matlai (upepo wa mashariki) ndiyo miezi yenu. Someni utabiri wa bahari wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) siku moja kabla. Mawimbi ya mita moja na nusu yanatosha kuwafanya mbaki kunywa kahawa.

Karatasi: chombo kisajiliwe na kukaguliwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), halafu ofisi ya uvuvi ya halmashauri mtakakovulia inatoa leseni ya chombo na ya wavuvi. Jitambulisheni kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo (pwani ya kushushia samaki) wenu. Hao ndio watakaowatafuta mkichelewa kurudi. Eneo kubwa kati ya Pangani na Tanga liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009, kwa hiyo ulizeni ofisi ya hifadhi ni wapi panaruhusiwa. Kisiwa cha Maziwe ni eneo tengefu, msitupe mshipi pale. Kasa akinasa, kateni mshipi karibu na ndoana, aende.

Kuhusu petroli: HP 40 ya kuchanganya oili ikifunguliwa yote inakula lita 18 hadi 20 kwa saa. Theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi haiguswi.

Njiro_Block_C

Kwenye trela nina mawazo tofauti kidogo na mzee wa Tezi. Kuvuta si dhambi, mradi mjue kinachoharibika. Moshi mpaka Tanga kupitia Same, Korogwe na Segera ni karibu kilomita 350. Beringi zinafika zikiwa za moto, mnazitumbukiza kwenye maji baridi ya chumvi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita sili. Safari ya pili zinalia, ya tatu gurudumu linachomoka. Subirini nusu saa zipoe kabla ya kushusha, pigeni grisi mpya kabla ya kurudi, na mbebe seti nzima ya beringi na sili pamoja na tairi la akiba. Uzito unaokalia ndoano ya gari uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya mzigo wote. Ukipungua, trela linayumba kwenye miteremko. Trela nalo linasajiliwa TRA kama gari.

Tezi_na_Omo

Maelezo yako ni sahihi, ndugu yangu, ila hesabu safari 24 kwa mwaka. Mimi nasema boti ilale pwani, juu ya magogo, imegeuzwa au kizibo kikiwa wazi mvua isijae, na mlinzi anayelipwa kila mwezi, si anayepewa chochote mkija. Mashine, tangi na mipira ya mafuta virudi Moshi. Mashine ya HP 40 ni kama kilo 70, watu wawili wanaipakia. Kila mkitoka baharini ipitisheni maji yasiyo na chumvi dakika 10 hadi 15, kisha chomoeni mpira wa petroli iungue mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki tupu.

Na nanga: fungeni mnyororo wa mita 2 au 3 kwenye kitako cha nanga, sio kwenye pete ya juu. Kwenye pete uungeni kwa uzi dhaifu tu. Ikinasa kwenye mwamba mnavuta, uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume. Kamba iwe mara 3 ya kina kukiwa shwari, mara 5 upepo ukiwepo. Tafuteni mchanga pembeni ya mwamba, msiangushe juu ya matumbawe.

Mama_Kolekole

Hamjagusa samaki wenyewe na safari ya kurudi ni ya saa saba. Nguru, jodari na vibua wakikaa bila barafu hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi. Uso unawaka, moyo unaenda mbio, watoto wanalazwa. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tangu wanapotoka majini, si mkifika nchi kavu. Toeni matumbo na matamvua, wapangeni tumbo likiangalia chini, barafu iliyopondwa iingie ndani ya tumbo, na maji ya kuyeyuka yawe na pa kutokea.

Kwa nguru tangulizeni kipande cha waya wa chuma mbele ya ndoana, meno yake yanakata nailoni. Tasi mshikeni kwa kitambaa, miba yake ina sumu na maumivu yake ni makali. Na akija samaki anayejivimbisha kama mpira, huyo ni bunju. Mrudisheni majini, wala msimpe mlinzi wala paka wake.