Mama Katuba, yaya Bruxelles, kikapu kimoja: tufanyeje bila kupeana neno la siri?

MtotoWaKatuba
Jambo wote. Mama yuko hapa Katuba, Lubumbashi, anachagua vitu kwenye simu yake: viatu vya watoto, mashine ya kusaga, mashuka. Yaya (ndugu yangu mkubwa) yuko Bruxelles, ndiye analipa kwa kadi yake, halafu mzigo unapitia kwa ajansi ya kusafirisha mizigo mpaka Lubumbashi. Sasa yaya anataka kumpa mama konte (akaunti) yake ya duka la Amazon pamoja na neno la siri ili waone kikapu kimoja. Tulijaribu kutuma linki ya kikapu kwa WhatsApp, inafunguka tupu. Kuna njia nyingine? Na hatari iko wapi hasa, maana hawa ni mama na mtoto wake.

FundiSimu_Kamalondo
Linki inafunguka tupu kwa sababu duka linaangalia kwanza nani ameingia, kisha linamwonyesha kikapu chake mwenyewe. Mama akituma, yaya anaona cha yaya.

Kwa Amazon tumieni orodha. Mama afungue konte yake mwenyewe (haidai kadi), atengeneze orodha, halafu abonyeze sehemu ya kualika. Atapewa chaguo mbili: mwalikwa aone tu, au aone na kubadilisha. Ampe yaya ile ya pili, aweze kufuta kilichoisha dukani. Yaya anaingia kwa konte yake, anahamisha vitu kwenye kikapu chake, analipa. Linki ya mwaliko itumwe kwa yaya peke yake, si kwenye grupu ya familia, kwani yeyote aliye nayo anaweza kuifungua.

Kinachowasumbua wengi ni hiki: konte moja inaingia Amazon.com, Amazon.fr na Amazon.com.be, lakini kila tovuti ina orodha yake na kikapu chake. Kubalianeni tovuti moja kabla mama hajaanza kuchagua. Msichague ya Marekani kwa vitu vya umeme: mashine ya kusaga ya kule kwa kawaida ni ya volti 120, na umeme wetu ni 220. Itaungua siku ya kwanza.

Duka la Shein ni rahisi zaidi, programu yao ina alama ya kutuma juu ya kikapu chenyewe.

Kenya_Biashara
Mimi naona kupeana konte si shida kama kadi iliyomo ni ya kulipia kabla. Unaweka dolari za oda hiyo tu, basi.

Kampemba_Net
@Kenya_Biashara hapo umelinda pesa tu. Mwenye neno la siri anaona oda zote za zamani, anwani zote, na anaweza kubadilisha namba ya simu inayopokea kode (namba ya kuthibitisha kuwa ni wewe). Halafu kuna mambo mawili yatakayowachosha kila wiki.

La kwanza ni kode. Konte iliyozoea Bruxelles ikifunguliwa Lubumbashi, duka linaweza kushtuka na kutuma kode kwa simu ya yaya. Mama anapiga, yaya anasoma kode. Familia ikizoea kusomeana kode kwa simu, siku tapeli anajifanya yaya, mama atamsomea na ya WhatsApp.

La pili ni anwani ya kawaida. Ukibonyeza kununua haraka, mzigo unakwenda kwenye anwani iliyowekwa kama ya kawaida: nyumbani kwa yaya badala ya ajansi, au kinyume chake. Oda ikishatoka ghalani, kubadilisha anwani ni vigumu sana.

Yaya akilipa mwenyewe, benki yake mara nyingi inamwonyesha jina la duka na kiasi kabla hajakubali. Hapo ndipo wizi unapokamatwa, na mtu wa Katuba hawezi kuuona.

Kama neno la siri limeshatolewa: libadilishwe, vifaa vyote viondolewe kwenye konte, na namba ya kupokea kode ikaguliwe. Simu ya mama nayo ifutiwe neno hilo kwenye kivinjari, hasa kama watoto wanaichezea.

MtotoWaKatuba
Asanteni sana. Na kama duka halina orodha wala alama ya kutuma?

FundiSimu_Kamalondo
Tuma linki ya kila kitu, na chini yake andika namba, rangi na idadi. Linki nyingi zinabeba bidhaa bila saizi: mama amechagua viatu namba 34, yaya anafungua anakuta 30. Kwa Amazon, baada ya /dp/ kuna herufi na tarakimu 10. Hizo ndizo kitu chenyewe, na ukibadilisha saizi nazo kwa kawaida hubadilika. Mkia mrefu unaofuata unaweza kukatwa, ila acha th=1&psc=1 kama ipo.

Yaya naye asibonyeze tu. Asome jina la duka kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, akianzia kulia: amazon.fr.kitu-kingine.com ni ya kitu-kingine.com, si ya Amazon. Na alipe siku hiyo hiyo, maana kitu kukaa kikapuni hakishiki bei wala hakikuwekei akiba.

Mizigo_Ruashi
Kabla yaya hajalipa, ajansi ionyeshwe orodha. Betri za kuchajia simu na manukato mara nyingi hukataliwa kwenye ndege, yatabaki Bruxelles. Na mashuka mazito yana ujanja wake: ndege inahesabu nafasi. Boksi la sentimita 60 × 40 × 40, gawa kwa 6000, unapata kilo 16, hata kama mizani inasema 7. Mwambieni yaya ayatoe hewa na kuyakandamiza.

Ile namba ya mteja mliyopewa na ajansi iandikwe kwenye mstari wa pili wa anwani. Ikiandikwa kwenye sehemu ya maelezo kwa muuzaji, huenda isichapwe kwenye boksi.