Ubingwa wa Gor Mahia 2020: wa uwanjani au wa mezani?

MTOA MADA, Dar es Salaam

Wakuu, kila ubishi wa idadi ya makombe ya ligi ya Gor Mahia wa Kenya unapozuka, kuna moja ambalo watu hulitoa kwenye hesabu: la 19, la msimu wa 2019/20. Leo nataka tulijadili hilo. Matusi na picha za kuchekana tuziweke pembeni kidogo.

Kwa ambaye kumbukumbu zimefifia: Machi 2020 korona ilizisimamisha ligi za Kenya na Tanzania karibu wakati mmoja. Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13, sisi tarehe 16, na kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akasimamisha ligi kwa siku 30. Simba wakati huo ana pointi 71 kwa mechi 28, Azam wa pili ana 54. Kule Kenya Gor naye ana 54, saba juu ya Kakamega Homeboyz, na zaidi ya robo ya ligi bado haijachezwa.

Hapo ndipo kila mmoja alipokwenda njia yake. Tarehe 30 Aprili rais wa shirikisho la soka la Kenya (FKF) wakati huo, Nick Mwendwa, alitangaza kwamba ligi imekwisha na Gor ndiye bingwa. KPL, kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi, ikasema FKF haina mamlaka hayo. Kichekesho ni kwamba mwenyekiti wa KPL wakati huo, Ambrose Rachier, ndiye pia alikuwa mwenyekiti wa Gor. Kwetu, Rais Magufuli aliruhusu michezo kuanzia 1 Juni, mpira ukarudi tarehe 13, na tarehe 28 Simba akatangaza ubingwa pale Sokoine, Mbeya, kwa suluhu na Tanzania Prisons huku akiwa na mechi sita mkononi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnishambulie vizuri. Kombe la Gor ni halali. Dhuluma ya mwaka ule haikuwa kileleni mwa ligi, ilikuwa mkiani. Homeboyz hakuporwa kombe, kwa sababu hakuwa nalo. Aliyeporwa ni Chemelil Sugar. Yeye alikuwa na nafasi yake Ligi Kuu, akaondolewa huku mechi za kujiokoa zikiwa zimefutwa. Kumvika taji anayeongoza ni jambo moja, na kumtoa mtu nyumbani kwake ni jambo jingine. Wakubwa wa soka walizipima zote mbili kwa kipimo kimoja.

Karibuni.

MNYAMA WA MSIMBAZI

Mkuu umeandika vizuri halafu ukaharibu mwishoni. Bingwa anapatikana uwanjani, basi. Simba tulikuwa na pengo la pointi 17 na bado tukarudi kazini: sare na Ruvu Shooting, tukampiga Mwadui, tukampiga Mbeya City, tukamaliza kazi kwa Prisons. Pointi 79, hakuna wa kuuliza swali. Gor ana pengo la saba na anapewa kombe kwa taarifa ya vyombo vya habari? Hizo ni pointi za mezani.

WA KONDELE, Kisumu

Wabongo mnapenda kuongea kama pesa iko kila mahali. Wacha niwaambie vile mambo yalikuwa huku.

SportPesa, kampuni ya kubeti, walitoka 2019 kwa sababu ya ile vita yao na serikali. Waliacha ligi bila mdhamini, wakaacha Gor, wakaacha AFC Leopards. Kabla hata korona haijaingia, SoNy Sugar walikuwa washafukuzwa kwenye ligi kwa kukosa kufika mechi. Hiyo ni timu nzima imeondolewa, tukabaki 17. Wachezaji wa K'Ogalo, yaani Gor, walikuwa wanacheza miezi bila mshahara, fans tukichanga nauli ya timu. Na bado tulikuwa tunaongoza ligi! Halafu kuanzia Aprili Nairobi ikafungwa, huwezi kuingia wala kutoka mpaka Julai. Mombasa, Kilifi na Kwale pia zikafungwa. Kafyu kila usiku. Hebu niambie Bandari anatoka Mombasa kuja kucheza wapi?

Nyinyi mliendelea kwa sababu Rais alisema muendelee. Hamkuendelea kwa sababu mna roho ya michezo kutushinda.

MNYAMA WA MSIMBAZI

Ndugu yangu wa Kondele, pole kwa njaa, lakini njaa haibadilishi sheria. Kama hamkuweza kumaliza, futeni msimu. Uholanzi walifanya hivyo. Ajax na AZ walikuwa sawa kwa pointi, 56 kwa 56, wakasema mwaka huu hakuna bingwa na hakuna wa kushuka. Safi.

WA KONDELE, Kisumu

Na Wafaransa walimpa PSG. Wabelgiji walimpa Club Brugge. Hao hamuwaiti wa mezani, ama ni kwa vile wako Ulaya? PSG walipewa siku ileile tulipewa sisi, 30 Aprili.

MWANANCHI WA JANGWANI

Nimepita tu kuwakumbusha kwamba mechi ya mwisho ya watani, Simba na sisi Yanga, kabla ya korona, tarehe 8 Machi, kuna mtu alipigwa faulo moja ya Morrison wetu ikatinga. Ligi ingefutwa hapo, tungekuwa mabingwa wa mioyo ya Watanzania.

MNYAMA WA MSIMBAZI

Na baada ya korona, 12 Julai, nusu fainali ya FA, ilikuwaje vile? Nne moja. Utopolo nyie mlitakiwa muwe wa kwanza kuomba ligi isirudi.

MWANANCHI WA JANGWANI

Haya, makolo mmeanza. Ila niseme la maana: ligi kurudi ilitusaidia. Iliposimama tulikuwa wa tatu nyuma ya Azam, ingawa tulikuwa na kiporo, mechi ambayo hatujaicheza. Tulimaliza wa pili. Kwa hiyo anayesema msimamo wa Machi ulikuwa unatosha, Azam atakubaliana naye na mimi sikubali. Msimamo wa ligi unadanganya viporo vikiwepo. Hata Gor na wenzake hawakuwa wamecheza mechi sawa wote.

WA IRINGA

Mimi ni wa Lipuli. Timu yetu ilishuka msimu huo, pamoja na Ndanda, Alliance na Singida United. Mbao naye akatolewa na Ihefu kwenye mchujo. Ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 20 kwenda 18, kwa hiyo panga lilikuwa refu kuliko kawaida.

Nilitaka kumuunga mkono mtoa mada kutoka upande wa walioumia. Tulishuka, tukalia, lakini hakuna mtu Samora, uwanjani kwetu, anayesema tuliibiwa. Tulipewa mechi zetu zote. Tulifungwa wenyewe. Ingekuwa wametushusha Machi kwa karatasi, nadhani mpaka leo tungekuwa mahakamani, au tungekuwa tunatukana tu vijiweni maana hela ya wakili hatuna.

Ila mtoa mada, usiwapambe sana viongozi wetu. Mnakumbuka mwanzoni walitaka mechi zote za Ligi Kuu zilizobaki zichezwe Dar es Salaam? Fikiria timu ya mkoani inahamia Dar kwa wiki kadhaa, hoteli, chakula, viwanja vya mazoezi, na mechi za nyumbani unachezea mji wa mpinzani wako. Klabu zikapiga kelele, ndipo tukarudi nyumbani na ugenini. Ule mpango ungepita, hilo neno lako la "uwanjani" lingekuwa na walakini mkubwa.

MTOA MADA

Mkuu wa Iringa, ahsante, hili nililisahau na ni zito. Kumaliza ligi si lazima iwe haki. Timu ya Dar ingelala nyumbani kwake, ya Mtwara ingelala gesti.

MBEBA BOKSI, Edinburgh

Habari zenu. Niko huku miaka mingi, nakaa karibu na Tynecastle, uwanja wa Hearts. Mkitaka kujua kushushwa mezani kunafananaje, njooni niwaeleze.

Mei 18, 2020 Scotland walifunga hesabu. Celtic alikuwa juu ya Rangers kwa pointi 13, akapewa ubingwa, wa tisa mfululizo. Rangers walinung'unika kuhusu mambo mengi lakini kwa ukweli mtaani watu walijua Celtic angechukua. Hearts alikuwa wa mwisho, pointi nne nyuma ya Hamilton, na mechi nane zimebaki. Nane! Pointi 24 ziko mezani hazijachezwa. Wakapiga wastani wa pointi kwa mechi, Hearts chini.

Kabla ya hapo klabu zilipiga kura kuhusu ligi za madaraja ya chini, na kura ya Dundee ikawa sinema: kwanza inasemekana ni hapana, halafu haijafika, halafu baada ya siku kadhaa ikawa ndiyo. Hearts na Partick Thistle wakaenda mahakamani, mahakama ikawapeleka kwenye usuluhishi, Julai wakashindwa. Msimu uliofuata Hearts alichukua ubingwa wa daraja la pili na kurudi. Watu husema "si mmerudi, shida iko wapi?" Shida ni mwaka mzima wa mapato na wachezaji walioondoka.

Kwa hiyo niko na mtoa mada. Majirani zangu hawazungumzii kombe la Celtic. Wanazungumzia ile nafasi yao.

MCHANGIAJI MWINGINE

Wote mnazungumza pointi. Samahani, nilikuwa muuguzi kipindi hicho na nashangaa afya haijatajwa mpaka sasa. Tanzania iliacha kutoa takwimu za wagonjwa baada ya 509. Ligi ikarudi, mashabiki wakaruhusiwa viwanjani, tukaambiwa tukae kwa nafasi. Nani aliyekaa kwa nafasi kwenye mechi ya Simba na Yanga? Ujerumani walirudi uwanjani Mei, lakini viti vitupu na wachezaji wanapimwa kila mara. Sisi tulirudi na vuvuzela.

Mnaisifu Tanzania kwa kumaliza ligi. Kumaliza kulikuwa na gharama ambayo hakuna aliyeihesabu, kwa hiyo hamuwezi kusema ilikuwa ndogo. FKF wanaweza kuwa walikuwa na sababu zao za kisiasa, sijui ugomvi wao na KPL, lakini uamuzi wa kutokusanya watu Aprili 2020 ulikuwa sahihi.

MNYAMA WA MSIMBAZI

Dada muuguzi (au kaka, samahani), sina jibu la hilo. Nilikuwepo Taifa siku ile. Tulibanana.

WA KONDELE, Kisumu

Huyo muuguzi apewe maua yake. Na niongeze kuhusu Chemelil, maana ni jirani zetu. Mtoa mada anawalilia sana. Chemelil walikuwa mkiani kabisa na kiwanda chenyewe kilikuwa hoi, mechi zilizobaki hazingewaokoa. Na si wote walishushwa kwa karatasi: Kisumu All Stars walipewa mchujo na Vihiga United, wakacheza, wakapoteza, wakashuka. Hapo sina neno.

MTOA MADA

Mkuu wa Kondele, umenipa silaha bila kujua. Kama ule mchujo wa All Stars na Vihiga uliwezekana, maana yake wenye ligi walijua kwamba kushuka kunatakiwa kuamuliwa kwa miguu. Kwa nini Chemelil hakupewa hata mchujo wake? "Wasingeokoka" ni maneno ya shabiki, hayawezi kuwa kanuni. Hearts nao waliambiwa hivyohivyo.

Kuhusu afya nakubaliana na muuguzi, na ndiyo maana sijasema Kenya walitakiwa wacheze Aprili. Nasema ukishindwa kucheza, mpe kinara kombe, pandisha waliostahili kupanda, na usimshushe mtu. Ligi ya Kenya tayari ilikuwa na pengo la SoNy Sugar. Ukiwapandisha Nairobi City Stars na Bidco United bila kumshusha Chemelil unapata timu 19. Ratiba inabana, ndiyo. Sisi tulicheza na timu 20 msimu huohuo.

SHABIKI WA INGWE

Nimesoma yote kimya nikicheka. Sisi wa AFC Leopards mnajua tunavyoona makombe ya hawa majirani, kwa hivyo msiniamini sana, lakini sikieni hii.

Mtoa mada unasema Homeboyz hakuporwa kitu. Twende msimu wa 2021/22. Homeboyz huyohuyo aliongoza ligi kwa muda mrefu, kila mtu Kakamega akaanza kuandaa sherehe. Tusker akaja nyuma polepole mpaka wakamaliza pointi sawa, na Tusker akabeba kwa tofauti ya mabao siku ya mwisho. Sasa tuseme korona ingekuja mwaka ule, ligi isimamishwe Machi. Kwa kanuni yako Homeboyz ni bingwa, kombe lake la kwanza katika historia, na Tusker hajaporwa kitu kwa sababu "hakuwa nalo". Uko tayari kumwambia mtu wa Ruaraka, nyumbani kwa Tusker, hivyo?

Pengo la saba na zaidi ya robo ya msimu imebaki si ubingwa. Simba na 17, Liverpool na 25 kule Uingereza, hao ningewapa nikiwa nimelala. Gor na saba, bila mshahara, wachezaji wakitishia kuondoka kila wiki? Hiyo timu ingeweza kuanguka Mei.

MTOA MADA

Niko tayari, ndiyo, na Tusker angekasirika na ningemwelewa. Lakini wewe sasa umehama: swali lako si tena kama kombe la mezani ni halali, unauliza pengo liwe la pointi ngapi. Saba hapana, 17 sawa. Kumi na tatu za Celtic je? Ukianza kukadiria nani "angeanguka Mei" umerudi kulekule kwa mwenzako aliyesema Chemelil wasingeokoka.

SHABIKI WA INGWE

Basi iandikwe kwenye kanuni kabla ligi haijaanza: mechi ngapi zikichezwa kuna bingwa, chini ya hapo hakuna. Shida ya 2020 ni kwamba FKF na KPL walikuwa wanabishana ni nani mwenye kalamu, huku ligi imesimama.

WA KONDELE, Kisumu

Kwa hiyo kombe letu la 19 mnalihesabu ama hamlihesabu?

SHABIKI WA INGWE

La 18 nalihesabu.