Tanga: Tunafundisha kwa WhatsApp kwa bando letu wenyewe, na mtoto asiye na simu janja anaandikwa hashiriki

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa mishahara, hili ni jambo jingine.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari ya serikali hapa Tanga mjini. Kila shule zikifungwa, kidato cha nne tunaagizwa tuendelee nao mtandaoni. Yaani ufungue grupu la WhatsApp, utupie maswali, usahihishe, halafu kila Ijumaa umtumie mkuu skrinshoti kuonyesha umefundisha. Bando ananunua nani? Mimi. Simu ya nani? Yangu. Ukiuliza kikaoni unaambiwa huna wito.

2020 sikulalamika. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, kidato cha sita wakarudi Juni 1, wengine Juni 29, na katikati hapo kila mwalimu alijitolea kwa alichonacho. Ilikuwa dharura, hakuna aliyejiandaa. Sasa miaka imepita, dharura imegeuzwa utaratibu, na vifaa havijaletwa.

Kinachoniuma kuliko bando ni watoto. Kwenye grupu langu hawafiki nusu ya darasa, na nyingi ya namba zile ni za wazazi. Mama yuko sokoni Mgandini na simu yake mpaka jioni, mtoto atasoma saa ngapi? Shuleni simu ni marufuku, tunawanyang'anya mwaka mzima, likizo ikifika tunataka wawe nazo!

Nina binti mmoja anatoka Tongoni, anapenda hesabu kweli kweli. Baba yake mvuvi. Nyumba nzima ina simu moja tu, kitochi kisicho na intaneti, na mzee akienda baharini usiku anaondoka nacho. Kwa hiyo nampigia asubuhi mzee akisharudi. Namsomea swali: fungua mabano, x toa tatu, funga mabano, kipeo cha pili, sawasawa na ishirini na tano. Anaandika, ananirudishia neno kwa neno, nyuma yake nasikia watu wananadi samaki. Baada ya muda anabipu, nampigia, ananipa majibu: nane, na hasi mbili. Kwenye grupu wengi waliishia kwenye nane.

Michoro ya jometri haisomeki kwenye simu. Hiyo naitoa fotokopi steshenari, naitia kwenye bahasha, nampa konda wa gari za njia ya Pangani amshushie dukani kwao. Kazi yote hii haina skrinshoti. Kwenye ripoti yule binti kaandikwa HASHIRIKI. Nilipopinga nikajibiwa fomu haina sehemu ya simu za kawaida. Basi ibadilisheni fomu! Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikasumbua nchi nzima, grupu lilikuwa kimya na niliyeweza kumfikia ni huyo huyo wa kitochi.

Halafu kuna hili wanalolikwepa vikaoni. Mwalimu wa kiume kumpigia binti wa watu usiku ni mtihani. Mama mmoja alinifokea: "Wewe mwalimu gani unamtafuta mwanangu saa hizi?" Na ana haki kabisa. Shule haikuita kikao cha wazazi, haikutoa barua, haikupanga saa. Jina linalochafuka ni langu, siyo la aliyetoa agizo.

Najua tangu elimu bila ada ianze 2016 shule haiwezi kuchangisha wazazi kiholela, na sitaki wachangishwe, wengi hawana. Aliyeagiza ndiye atoe fungu la vocha na la fotokopi. Wazazi wapewe barua yenye majina ya walimu na saa za kupiga. Na bahasha ya maswali iliyofika Tongoni ihesabiwe kipindi, sawa na skrinshoti.

Walimu wa Muheza, Pangani na Mkinga, kama kuna shule kwenu imeshakubali simu za kawaida na bahasha zihesabiwe kazi, andikeni hapa mliombaje na nani alisaini. Kikao kijacho nataka niingie na mfano mkononi.