Nimelipia boti Kigoma ili nimpige picha tai, nikaonyeshwa namna ya kumfukuza kwenye kiota chake

Ndugu zangu, nimejizuia siku tatu nisiandike, nikitumaini kwamba hasira itapungua, na haijapungua.

Wiki iliyopita nililipa shilingi 280,000 kwa boti ya siku nzima kutoka Kigoma mjini kuelekea mwambao wa kusini mwa Ujiji. Nilimfuata furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe ambaye mlio wake hukufikia kabla hujamwona mwenyewe. Tulikubaliana kwamba asubuhi tutafute miti anayotua, kisha alasiri tupige picha. Saa hizo zilikuwa na sababu. Jua la Kigoma huchomoza nyuma ya vilima, upande wa nchi kavu, kwa hiyo aliyeko ndani ya boti asubuhi humwona ndege wa ufukweni kama kivuli cheusi tu, weupe wa kifua na wekundu wa kahawia wa mabawa vyote vikiwa vimemezwa na mwanga ulioko nyuma yake. Kuanzia saa kumi alasiri jua linakuwa limehamia juu ya ziwa, mgongoni mwa mpiga picha, na hapo ndipo jicho la tai huonekana.

Saa nne asubuhi mwongozaji alinitangazia kwamba saa tisa ana wageni wengine, hivyo tumalize haraka.

Alianza na samaki. Alikuwa na migebuka waliokufa, na ndani ya tumbo la kila mmoja alikuwa amesokomeza kipande cha povu jeupe gumu, lile linalofungiwa televisheni dukani, ili samaki aelee badala ya kuzama. Nilimuuliza itakuwaje tai akilimeza povu hilo au akalipeleka kwa kifaranga. Hakunijibu. Alitupa samaki wawili majini, akapiga mluzi, na tai hakuja.

Hakuja kwa sababu alikuwa amelala kwenye kiota. Kiota kilikuwa juu kabisa ya mti mkubwa, rundo la vijiti ambalo ndege hawa hulirudia na kuliongeza mwaka hata mwaka, na kupitia lenzi niliona kichwa chake tu. Furukombe hutaga mara nyingi mayai 2 na huyaatamia kwa wiki 6 hivi. Katika muda huo mzazi ndiye kivuli chao dhidi ya jua na ndiye ngao yao dhidi ya wezi wa mayai. Niliyaeleza hayo kwa sauti, kila mtu botini akasikia. Nahodha akasogeza boti hadi chini ya mti, mwongozaji akaanza kugonga ubavu wa boti kwa kasia, na alipoona ndege bado ameng'ang'ania, akashuka na kurusha mawe. "Piga, anaruka!" akanipigia kelele.

Picha nne za kwanza nilizipiga kabla sijatambua vizuri kinachotendeka, na nimezifuta. Wenzangu wawili waliendelea. Tai alizunguka juu yetu akilia, kiota kikabaki wazi kwenye jua kwa karibu nusu saa, na kunguru wawili wakatua tawi la pili yake. Tuliondoka kabla sijaona kilichofuata, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Haikuhitajika! Tai anayetaka kuruka hujionyesha mwenyewe: hugeukia upepo, huinama mbele, mara nyingi hujisaidia kwanza, ndipo hufungua mabawa. Mpiga picha huweka shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, lifunguke kwa sehemu 1 ya 2,000 ya sekunde, akatulia na kusubiri. Kusubiri ndiko nilikokulipia.

Nilipolalamika ofisini kwao nilijibiwa kwamba wateja wote wanataka tai akiwa angani, na kwamba kule si hifadhini. Mkoa huu huu, ukienda Hifadhi ya Taifa ya Mahale, unavaa barakoa mbele ya sokwe na muda wako nao ni saa moja, kisha unaondoka hata kama picha hujaipata. Mwongozaji anayeyajua hayo anawezaje kudhani kwamba nje ya mpaka wa hifadhi yai la tai halina thamani?

Fedha sizidai. Ninadai picha za siku ile ziondolewe kwenye matangazo yao, ambako tayari zimewekwa kama sifa, na povu lisiingizwe tena ndani ya samaki.

Jumamosi nitarudi kwa gharama yangu, saa kumi alasiri, nikae mbali na ule mti na kuangalia kwa darubini kama mzazi bado yuko kiotani. Ninatafuta nahodha wa Ujiji au Kigoma mjini atakayekubali kuzima injini na kukaa kimya saa mbili. Anayemfahamu mtu kama huyo aniandikie hapa.