Gumzo la ukoo: albamu iitwayo Mazishi

Mimi: Shikamooni wakubwa. Wiki nzima hii, tangu turudi kumzika bibi, nalala saa nane nikisikiliza albamu moja. Nimeona haifai niisikilize peke yangu. Bendi inaitwa Arcade Fire, ya Montreal, Kanada. Albamu yao ya kwanza hiyo, ya 2004. Jina lake Funeral.

Shangazi: Marahaba. Funeral si ndiyo mazishi? Mwanangu, udongo haujakauka, unatuletea mazishi mengine?

Mimi: Nisamehe shangazi, sikutaka kukutonesha. Hilo jina halikutungwa kwa mapambo. Walifiwa mfululizo kipindi hicho cha kurekodi. Juni 2003 bibi yake Régine Chassagne, yule dada anayeimba. Februari 2004 babu yao Win na Will Butler, ndugu wawili wa bendi. Aprili, shangazi yake Richard Reed Parry. Septemba albamu ikatoka na jina hilo.

Shangazi: Misiba mitatu na mwaka haujaisha. Innalillahi. Nimekuelewa.

Baba Mdogo: Subiri. Babu yao Butler si Alvino Rey? Huyo namjua! Alikuwa na bendi kubwa ya densi Marekani, na gitaa lake lilikuwa lile la kulazwa, linalopigwa kwa chuma. Alilitia umeme wakati gitaa la umeme lenyewe bado ni kitu kigeni. Kumbe wajukuu wameendeleza.

Mimi: Ndiye huyo, baba mdogo.

Kaka Idi: Nimeona mahali Pitchfork, ile tovuti ya wahakiki wa muziki, waliipa 9.7 kwa 10. Nimesikiliza nyimbo tatu. Kusema kweli sijaiona hiyo 9.7. Yule kaka anayeimba, Win, sauti inamtetemeka, mara apige kelele, mara pumzi zimkatikie. Wahakiki walizidisha.

Salma: Idi, umesikilizia wapi?

Kaka Idi: Kwenye spika ya simu, nikiwa natembea.

Salma: Basi hujaisikia. Vaa visikilizio, ukae chini. Humo mna fidla, akodioni, piano, ngoma, na watu kibao wanaimba nyuma. Kwenye spika ya simu unabaki na kelele za mbele tu. Na hiyo sauti kutetemeka, ulitaka mtu aliyefiwa aimbeje?

Baba Mdogo: Salma kasema. Isitoshe, walirekodi kwa kanda, siyo kompyuta, kwenye studio ya Hotel2Tango hukohuko Montreal. Mimi nasikia ile joto ya kanda. Makosa madogo wameyaacha yalivyo.

Mimi: Kuhusu mapokezi, kaka Idi, ile alama ilisaidia sana, sikatai. Merge, waliotoa albamu hii, ilikuwa lebo ndogo ya North Carolina, tangu ianzishwe 1989 haikuwahi kuingiza albamu hata moja kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Hii ndiyo ya kwanza. Ikateuliwa Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala, haikushinda, walichukua bendi ya White Stripes. David Bowie, yule mwanamuziki mkubwa wa Uingereza, akawapenda mpaka Septemba 2005 akapanda nao jukwaani New York. Lakini alama iliwafanya watu wanunue mara moja. Miaka ishirini baadaye bado tunaitumiana, hilo alama haiwezi.

Salma: Nyimbo ni 10, na 4 zimeitwa Mtaa, zimepewa na namba kabisa. Ule wa kwanza theluji imefunika mtaa mzima, wazazi wanalia, kijana anachimba njia chini ya theluji kutoka dirisha lake hadi la mwenzake. Wanakaa wawili tu mpaka wanasahau majina yote waliyoyajua. Nikisikia hapo nashindwa kuendelea na kazi.

Mimi: Na namba 3, umeme umekatika. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo za umeme Quebec, mamilioni wakakaa gizani kwenye baridi ile. Wengi wanauhusisha wimbo na siku hizo. Sikiliza gitaa linavyokimbia, kama mtu anayegonga mlango wa jirani usiku.

Kaka Idi: Nimerudi. Nimevaa visikilizio. Ule wa saba, Wake Up, umenishika. Gitaa linaanza peke yake, zito, halafu wote wanaachia sauti kwa pamoja, hakuna maneno, ni ooo tu. Nimeurudia mara nne. Hapo nawapa haki wahakiki. Ila ule Mtaa namba 4, wa birika saba, bado naona umelegea, hapo hamnibadilishi.

Baba Mdogo: Huo hata mimi nauruka.

Salma: Mimi siuruki. Na msisahau wimbo wa Haiti. Wazazi wa Régine walikimbia Haiti enzi za dikteta Duvalier. Anaimba kwa Kifaransa na Kiingereza, anawataja binamu ambao hawakupata hata kuzaliwa. Muziki mwenyewe mtamu, unaweza kuucheza usijue unachochezea.

Shangazi: Mimi Kiingereza chenu kinanipita. Nimesikiliza ule wa mwisho, dada anaimba taratibu, halafu mwishoni anapaza sauti mpaka nikasimama. Anasema nini?

Mimi: Anasema anapenda kukaa kiti cha nyuma cha gari, shangazi. Nyuma kuna amani. Huendeshi, huongei, unatazama mashamba yakipita dirishani. Halafu mtu wake anafariki usiku. Na ukoo wao anaufananisha na mti unaopukutika majani. Sasa anasema maisha yake yote alikuwa anajifunza kuendesha.

Mimi: Shangazi?

Salma: Muache kidogo.

Shangazi: Nipo. Nilikuwa namfikiria mama. Alikuwa lazima akae mbele, mkoba mapajani, anamwelekeza dereva njia ambayo dereva anaijua. Sisi nyuma tunasinzia. Sikuwahi kujua njia ya kwenda kokote, nilikuwa najua yeye anajua.

Baba Mdogo: Kweli dada. Hata mimi.

Shangazi: Huyo binti ameimba jambo langu na hanijui. Mwambieni Idi asiseme tena amepiga kelele.

Kaka Idi: Sitasema shangazi. Nimekosa.

Shangazi: Nitumie tena huo wa mwisho peke yake, niuweke karibu. Na wewe Idi, Jumamosi ukija kunichukua usinifungulie mlango wa mbele. Bado. Nitakaa nyuma.

Kaka Idi: Sawa shangazi. Nitaendesha taratibu.