Nina kona ya mchezo wa go ya kuamua hadi Jumamosi: niingie tatu-tatu, nikaribie, au niiache?

MtangaGZ
Wakuu salaam. Niko Guangzhou kimasomo. Kuna babu mmoja wa ghorofa ya chini ananifundisha go (wao wanaita weiqi), ule wa kuweka kete nyeusi na nyeupe kwenye makutano ya mistari, anayezingira nafasi nyingi ndiye mshindi, kila Jumamosi. Wiki iliyopita giza lilituingilia, akaufunika ubao kwa gazeti, tunaendelea Jumamosi hii na zamu ni yangu. Kona yake moja ina kete moja tu pale kwenye nyota, yaani nne-nne, mstari wa nne kutoka kila ukingo. Nimebaki na mambo matatu kichwani: niingie tatu-tatu (mstari wa tatu kutoka kila ukingo, chini ya kete yake) sasa hivi niichukue kona, au nimkaribie kwanza kwa nje, hatua ya farasi kama wa sataranji, au niachane nayo nicheze kwingine. Nyinyi mngefanya lipi? Naombeni sababu, msiniambie "inategemea".

Kipanga_9
Inategemea.

Wewe mweusi au mweupe? Pande mbili za hiyo kona kuna kete gani? Mnacheza sawa kwa sawa au umepewa kete za kuanzia? Umemleta mgonjwa hospitali, kichwa umekiacha nyumbani.

BiShuu
Mimi hata sihitaji kuuliza. Ingia. Kwenye kona, kingo mbili za ubao zinakujengea bure, wewe unamalizia upande uliobaki. Ndiyo maana watu hucheza kona kwanza, pande baadaye, katikati mwisho. Ukiingia tatu-tatu chini ya nyota iliyo peke yake, huuawi. Unapata pointi saba au nane mkononi, yeye anapata ukuta, na zamu inarudi kwako. Tangu AlphaGo Zero, ile programu ya kompyuta ya 2017, kila programu inaingia mapema, wala haioni haya.

Odu_Kisumu
Bi Shuu, heshima yako, lakini wewe si AlphaGo na huyu kijana pia si AlphaGo. Zamani mwalimu alikuwa anakukemea ukiingia mapema, na sababu ilikuwa nzuri: unampa mwenzako ukuta unaoangalia ubao mzima. Kitu mashine ilibadilisha si kuingia tu. Watu wa zamani walikuwa wanaingia, halafu wanapiga hane (kukunja kete mbele ya kete ya mwenzako) na kuunga mstari wa pili, kushoto na kulia, ndiyo kona ikae safi. Kila ukifanya hivyo ukuta wa mwenzako unakuwa simiti. Mashine inatambaa kidogo tu, inauacha ukuta na nyufa, inaenda kwingine. Wengi wetu tumeiga kuingia, hizo nyufa hatuzijui kuzitumia.

BiShuu
Sasa si ajifunze? Na bado zamu ni yake, sente anayo, yaani uhuru wa kucheza kwanza kwingine.

Odu_Kisumu
Sente? Huku kwetu sisi wote tunaitafuta tangu Januari 😂

MtangaGZ
Samahani wakuu, nilisahau. Mimi mweusi, amenipa kete 2 za kuanzia: juu kulia na chini kushoto. Kona ninayouliza ni ya juu kushoto. Chini kulia ni yake pia, ila pale tumeshapigana na pamekwisha. Babu ana kete kwenye nyota ya katikati ya upande wa juu. Upande wa kushoto mtupu kabisa.

Kipanga_9
Hayo ndiyo ulitakiwa useme mwanzo! Kete ya katikati juu inabadilisha kila kitu. Ukiingia tatu-tatu ataziba upande wa juu, wewe utambae kwenda chini kushoto. Ukuta wake utasimama ukiitazama ile kete yake, na kati yake kuna njia tano tupu. Si unajua ile kanuni, nguzo ya kete mbili ruka tatu, ya tatu ruka nne? Ya nne inaruka tano. Kama kapimiwa na fundi. Utakuwa umemalizia nyumba yake kwa mikono yako.

Mkaribie kutoka kushoto. Chini kushoto ni kwako, hiyo kete inaanza kukujengea upande mzima. Kutoka juu usithubutu, utabanwa katikati ya kete mbili.

BiShuu
Na akijibu hatua ya farasi kwenda juu? Kona yake, juu kwake. Wewe una kete moja inaelea mstari wa tatu.

Kipanga_9
Haielei, inakaa karibu na kwao. Na tatu-tatu bado ipo, ataingia baadaye.

BiShuu
Haipo! Akishaongeza kete moja ya karibu, kuingia kunakuwa kugumu zaidi, unaweza hata kuangukia kwenye ko (kukamatana kete moja kwa zamu). Akiongeza na ya pili ni vigumu zaidi. Ndiyo maana nasema sasa.

MzeeKobe
Mtanga mwanangu, ngoja nikupe kisa changu. Mwaka jana nilicheza mtandaoni na kijana mmoja, sawa kwa sawa. Mimi nilikuwa na homa ya tatu-tatu. Kona zangu mbili nilizifunga mapema. Ya tatu alikuwa na nyota, nikaingia. Akaziba, nikatambaa, nikapiga hane zote mbili, kona safi. Ya nne vilevile. Nikawa na kona nne, nikazihesabu kwa kidole kwenye kioo cha simu: pointi thelathini na sita. Nikaenda jikoni kuchemsha chai nimeridhika kabisa, hata nikamwambia mama watoto leo nimemkamata mtu.

Niliporudi kaweka kete moja tu, karibu na katikati. Kuta zake zote zilikuwa zinaangalia pale. Nikasema nitupie moja ya kupunguza. Hakuniziba mbele, alinifuata kwa nyuma, polepole, kama mtu anayemrudisha mbuzi zizini. Nikaruka, akafuata. Nikatafuta jicho (nafasi tupu ndani ya kundi; yakitimia mawili kundi haliuawi) upande huu, akagusa. Upande ule, akagusa. Kundi likafika kete kumi na tisa, macho moja. Sijakosea, macho moja. Kete 19 zimekamatwa, na mahali zilipokaa ni pake: 38, tayari zimezidi kona zangu zote nne, na kundi lile alikuwa analipiga huku anajifungia katikati. Chai sikuinywa.

Kuna msemo wa wachezaji: ukichukua kona zote nne, jiuzulu. Nilikuwa naucheka.

Kipanga_9
Ila mzee wangu, kuna msemo mwingine unasema ukizipoteza zote nne, jiuzulu.

MzeeKobe
Ndiyo, na yote miwili ni kweli. Ile ya kwanza ndiyo iliyonikuta.

Odu_Kisumu
Pole mzee. Lakini hapo kilichokuua ni kuingia katikati penye kuta zake, si kona. Ungepunguza kutoka mbali.

MzeeKobe
Kijana, kuta nimempa nani?

Yakhe_Unguja
Nyie watu wa kete za kizungu mnanichekesha.

MtangaGZ
Si za kizungu sheikh, za Kichina 😅

Yakhe_Unguja
Haya, za Kichina. Kwenye bao jambo hili tunalo: nyumba yako imejaa, unaamua ilale au isafiri. Mwanagenzi huisafirisha siku ya kwanza kwa sababu anaziona kete nyingi. Fundi huilaza, akangoja mwenzake akae vibaya. Babu huyo nadhani anakusubiri uchoke.

BiShuu
Bao lina mashimo 32 na kete 64. Go ina makutano 361. Haifanani.

Yakhe_Unguja
Wingi wa mashimo si akili, dada yangu. Njoo Jaws Corner jioni tukuoneshe.

Saidi_mgeni
Samahani, mgeni hapa. Hii tatu-tatu si ndiyo ile Mjapani aliichezea tangu 1933? Na si Ke Jie alifungwa na AlphaGo 2016?

Kipanga_9
Mawili tofauti. 1933 ni Go Seigen, tena ni Mchina aliyekuwa akiishi Japani, dhidi ya Shusai, bingwa wa Japani: aliweka kete tatu-tatu kwenye kona *tupu*, kisha nyota, kisha katikati kabisa ya ubao. Kuingia chini ya kete ya mtu ni kitu kingine. Na akafungwa kwa pointi 2, tusimwimbe sana. Aliyecheza na AlphaGo 2016 ni Lee Sedol, Seoul, nne kwa moja. Ke Jie ni 2017, Wuzhen, tatu bila.

Odu_Kisumu
Swali la pembeni: boss, mchezo si bado unaendelea? Kuuliza watu sita wakusaidie kumpiga mzee ni sawa kweli? Mtandaoni ungeripotiwa.

MtangaGZ
Nimemwambia! Kacheka, kasema niwaulize hata mia, mwisho wa yote nitaweka kete mimi. Na ananipa kete mbili, sidhani ana wasiwasi.

Kipanga_9
Basi kumbuka una kete mbili mkononi. Uko mbele. Hakuna haja ya kuukata ubao vipande kwa pointi nane. Kaa kushoto, panua.

BiShuu
Uko mbele kwa hiyo chukua cha uhakika. Mnampoteza mtoto.

MtangaGZ (Jumamosi usiku)
Wakuu, mrejesho. Nimeingia tatu-tatu. Mikono inatetemeka kama mtihani wa taifa.

Hajaziba. Wala hakuiangalia. Kaweka kete katikati ya upande wa kushoto, kanywa chai, kaufunika ubao kwa gazeti.

Sasa kona yenyewe nizibe upande gani, juu au kushoto?

Kipanga_9
Kushoto! Hapana, subiri. Hiyo kete ya kushoto iko mstari wa tatu au wa nne?

MzeeKobe
Mtanga, hizo kete zinauzwaje huko? Nataka seti ya ubao wa mistari 13, siyo mkubwa, wa kuweka mezani. Ukirudi likizo nibebee, nitakurudishia pesa yako.